Uzinduzi wa Kituo cha Migongo, Nyasubi, 1996

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye naye ametuma mwakilishi, waheshimiwa viongozi wa dini zote, wafanyabiashara wakubwa, wachimbaji wadogo, wafugaji, mabibi na mabwana: mimi, Pantaleo Ngassa, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Ustawi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia. (Makofi, meza kuu.)

Ndugu wananchi, programu hii ya tiba shirikishi, yaani holistiki, haikuanzia ofisini. Ilianzia mgongoni mwangu. Nilitoka Ushirombo kikazi, barabara mnaijua, na kufika Kahama nikashindwa kushuka garini, ndipo dereva akanikokota kwa Mama Karan, huyu hapa, mke wa Mzee Ramesh mnunuzi wa mpunga, ambaye amerithi kwao tiba ya Kihindi ya mafuta, viungo na mazoezi ya yoga. Nikamwambia, "Mama, nichome sindano haraka, nina kikao." Akanijibu, "Lala chini kwanza, baba, upumue." Nikalala mkekani, mimi, kiongozi (kicheko), na Bibi Mbuke, mganga wetu wa mitishamba, akanikanda kwa majani yake yaliyochanganywa na mafuta ya ufuta ya mwenzake. Wanawake hawa hufanya kazi pamoja kwenye stoo ya Mzee Ramesh. Mmoja Kisukuma hakijui, mwingine Kigujarati hakijui, na bado wanaelewana kuliko kamati yangu.

Kwa tathmini niliyoifanya binafsi, asilimia tisini na tisa ya wachimbaji wanaumwa mgongo, na waliobaki hawajaulizwa. (Magesa, mchimbaji, akiwa ameegemea fimbo: "Mheshimiwa, wiki ijayo stoo inajazwa mpunga. Sisi tutatibiwa wapi?") Swali zuri, Ndugu Magesa, na ndiyo maana kamati, katika mchakato wake wa kimkakati, imeridhia kituo cha kisasa chenye vyumba vya kukandia, bustani ya dawa na ukumbi wa yoga wa hadhi ya kimataifa. (Vigelegele. Bibi Mbuke, taratibu: "Ufunguo anao nani, baba? Tuanze kuhamisha vyungu.") Ufunguo, bibi, uko kwenye hatua ya upembuzi.

Na ili msidhani naongea tu, nawaonyesha zoezi moja. (Anapiga magoti, anainama mpaka paji la uso linagusa mkeka. Hainuki.) Nitaendelea kuhutubia nikiwa huku chini, kwa makusudi kabisa. (Mama Karan: "Usijilazimishe, baba. Pumua.") Napumua, mama.

Mgongo wa mchimbaji! (Wananchi: "Unyooke!") Kamati Ndogo! (Kimya.)

Kwa kumalizia, namshukuru Mzee Ramesh kwa utepe tuliokata, na jirani yake kwa ukuta tuliofungia utepe huo, kwani kiwanja bado hatujaomba, ramani haijachorwa, na wazo lenyewe lilinijia jana nikikandwa, nikaliahidi kabla sijavaa shati. (Minong'ono. Magesa anageuka kuondoka. Mzee Ramesh anasimama: "Kaa, kijana. Mpunga nitaulaza sebuleni kwangu. Stoo ibaki ya wagonjwa." Mama Karan anamtazama mumewe, kisha anamshika Bibi Mbuke mkono.)

Ndugu wananchi, mmesikia wenyewe. Hayo ni mafanikio ya kwanza ya kamati yangu. Wabeja sana, yaani asanteni.