Nyangumi Asiye na Shahidi wa Pili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Miezi saba bila neno! Sikuwa mgonjwa. Hapakuwa na la kuandika tu: nimeamka, nimekunywa chai, nimemsahihisha mtangazaji wa redio, nimelala. Mtangazaji hajapata kunijibu.

Leo lipo. Niko pwani! Binti yangu amenilipia safari ya siku tano ya kutazama ndege na viumbe wa baharini, pamoja na wastaafu wengine. Asema tangu mama yake afariki sina mtu wa kuzungumza naye, nami nisirudi kabla sijampata walau mmoja. Nilimjibu kwamba mkaguzi wa shule hatafuti marafiki. Marafiki ndio humtafuta. Akacheka. Sikuona kichekesho.

Tuko kumi na mmoja. Jioni kiongozi wetu, mwanamke kijana mwenye kofia pana, alifungua daftari kubwa la kuandikia kila tutakachokiona. Papo hapo mzee mmoja, fundi saa mstaafu, akadai kwamba ameona pomboo kumi na wanane kupitia dirisha la gari. Kumi na wanane! Kwenye kona, gari likiwa mbioni! Nikasimama. Nikapendekeza kanuni: kiumbe asiyeshuhudiwa na watu wawili asiandikwe. Tena mashahidi wawe jozi ileile tangu mwanzo hadi mwisho, watu wasije wakaazimana macho. Wote wakakubali. Makofi! Sijapigiwa makofi tangu nistaafu.

Kisha wakagawana jozi. Kumi na moja haigawanyiki kwa mbili.

Nimebaki mimi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkunga mmoja mstaafu, mama mcheshi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, amenipa jina: Bwana Kanuni. Asema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wote wakacheka, hata dereva. Lakini alipocheka alinishika bega. Nimeamua: jozi yangu ni Mkunga.

Kikwazo: yuko na Fundi Saa.

Hila ya kwanza. Wakati wa chai nilimnong'oneza Mkunga, kwa huruma kubwa, kwamba macho ya Fundi Saa si ya kutegemewa. Miaka arobaini ya kuchungulia vigurudumu vidogo humaliza macho ya mtu. Mkunga alisikitika sana. Alinishukuru. Kisha akaenda kumshika Fundi Saa mkono asijikwae kwenye mawe, wakatembea wameshikana hadi jioni!

Ukurasa wao daftarini: ndege vitwitwi arobaini na mmoja, korongo wanne, pweza mmoja aliyejificha. Mimi: shakwe tisa, wasioandikwa. Na kaa mmoja aliyenitazama kwa muda mrefu. Leo hakuna mwingine aliyenitazama hivyo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya fedheha. Naandika kwa ufupi.

Hila ya pili. Maji yalipokupwa nilichukua beseni la kijani kutoka bafuni, nikalifudikiza katikati ya miamba, nikalipaka matope na kulifunika mwani. Ukisimama mbali na kukunja macho, ni kasa. Kusudi langu lilikuwa nimwite Mkunga peke yake, aone nilivyo hodari, aombe kubadilishiwa jozi.

Nilimwita. Wakaja wote kumi.

Kiongozi alipiga magoti mchangani, akatuonya tusiinue sauti. Fundi Saa alivua kofia. Robo saa nzima hakuna aliyekohoa! Mkunga alininong'oneza, "Hongera, kaka." Kwa robo saa hiyo nilikuwa mtu mwenye watu.

Ndipo mfagizi wa nyumba ya wageni alipotokea, kiuno ameshika, akiuliza kwa sauti nani kamchukulia beseni lake la kudekia. Akaliona. Akaingia majini hadi magotini, akamnyanyua kasa, akamkung'uta. "Babu," akaniambia, "uzee si hivi."

Nilieleza kwamba nilikuwa nikipima umakini wa kikundi, kama ilivyo desturi ya ukaguzi. Mkunga alicheka hadi akakaa chini. Fundi Saa peke yake hakucheka. Alisema mgongo ulipakwa vizuri, kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu.

Kejeli! Nimeiandika ili nisiisahau.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mkunga ameondoka. Binti yake ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, naye hawezi kumwachia mwingine mjukuu wake wa kwanza. Aliagana na kila mtu. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi. Hakuisubiri. Alinivuta kando, akasema nimkamate Fundi Saa, mzee mwenzangu, maana tangu juzi haachi kuuliza Bwana Kanuni anakaa meza ipi, na mbona anakula peke yake.

Kwa hiyo ananichunguza!

Kiongozi alifurahi: sasa tuko kumi, jozi tano, Fundi Saa awe nami. Fundi Saa alikwisha kuvuta kiti. Nikasimama. Nikawakumbusha kanuni: jozi ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Kanuni haipindwi kwa sababu mtu amejifungua. Hakuna aliyepiga makofi. Fundi Saa alirudisha kiti taratibu, miguu yake isikwaruze sakafu.

Binti yangu alipiga simu. Nikamwambia niko katikati ya watu. Alisema hasikii sauti zao. Nikasema ni watu wastaarabu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilitoka alfajiri, nikakaa juu ya mwamba. Bahari ilikuwa shwari. Mara nikasikia pumzi. Pumzi nzito, ya kiumbe aliyechoka kubeba. Mvuke ukaruka juu, na mgongo mweusi ukapita polepole, usiokwisha. Nyangumi! Karibu kiasi cha kurushiwa jiwe. Ubavuni mwake kulikuwa na mgongo wa pili, mdogo. Kila mama alipopumua, mtoto alipumua baada yake.

Niligeuka kumwambia mke wangu.

Nyuma yangu alikuwa Fundi Saa, ana chupa ya chai na vikombe viwili. Naye alikuwa amewaona. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Tulisimama mpaka wakatoweka. Nilikunywa kile kikombe cha pili, kwa kuwa chai si ushahidi. Alinieleza kwamba kwake pia kuna kiti kimoja asichokikalia mtu.

Akatoa kalamu. Akasema tumewaona sote wawili, tuandike. Tangu safari hizi zianze hakuna aliyepata kuandika nyangumi na mtoto.

Nikamwambia hatukuwa jozi tangu mwanzo.

Alinitazama kama yule kaa. Akafunga chupa, akashuka.

Ukurasa wangu ni mweupe. Lakini ni safi!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nyumbani. Kiongozi alipiga simu jana. Safari ya Juni itachukua jozi tu, kwa ajili ya kanuni yangu. Fundi Saa amekwisha kuandika jina lake na kuacha nafasi tupu kando yake. Anasema ni yangu. Jibu latakiwa Ijumaa hii, ama sivyo nafasi atapewa mwingine.

Mimi! Tena bila hila yoyote! Nimezunguka sebuleni mara tatu.

Hata hivyo jambo zito haliingiwi kichwa kichwa. Nimetunga masharti ya ujozi, vifungu ishirini na viwili. Cha nne kinakataza kulia mbele ya wanyama. Cha tisa kinamtaka mwombaji aambatanishe barua za wadhamini wawili. Nimeyatia posta leo asubuhi. Karani amesema yatachukua siku tisa. Nimemjibu kwamba mtu makini husubiri.

Fundi Saa amenipigia mara tatu tangu adhuhuri. Sipokei. Mwombaji hazungumzi na mkaguzi kabla ya kujaza fomu. Mara ya tatu simu ililia muda mrefu, nami nilikaa kando yake, mkono juu ya meza, nikihesabu milio. Ilipokoma, nyumba ilinyamaza kuliko kawaida.

Bado sijaamua. Nikishaamua, nitakuandikia.