Sabini na Tano ni Sabini na Tano

Jumatatu, 9 Juni 1997. Migori.

Zilpah, mpiga chapa mwenzangu, amenitusi mbele ya wateja. Eti laptop yangu ni jiko, nitie sufuria juu. Ana kompyuta kubwa ya mezani, basi anatembea kama aliizaa yeye. Yangu niliachiwa na mwalimu Mholanzi niliyempikia kule Mbita, na ndiye aliyenifundisha kuitumia. Mwendo wa chipu zote mbili ni megahezi 75. Nimesoma kibandiko kwa macho yangu. Sabini na tano ni sabini na tano!

Ijumaa Mwalimu Elijah wa Uriri atatushindanisha. Alama za mitihani ya moki za tarafa nzima: kujumlisha, kutafuta wastani, kupanga wa kwanza hadi wa mwisho. Mara tatu bila kupumzika. Mshindi ana kazi ya mwaka mzima. Lazima niwe mimi. Maurice wangu amesema nisipopata kazi ya maana wiki hii, Valary ataachishwa ziwa, apelekwe Rusinga kwa dani yake, mama yangu, nami nimfuate yeye machimboni Masara kusaga mawe ya dhahabu. Valary ana miezi kumi na moja. Meno manne. Haendi popote!

Jumanne, 10 Juni.

Nimejaribu. Mara ya kwanza, dakika nne. Ya pili, saba. Ya tatu, kumi na moja! Chini yake moto kabisa. Nilisogeza kikombe cha uji wa Valary hapo, kikabaki na joto lake. Ya Zilpah inaweza hivyo?

Nimemwita Cephas, fundi wa redio. Akasema chipu ya mezani ina feni na chuma cha kuipoza, kikubwa kama ngumi. Ya laptop imebanwa kama mgonjwa ndani ya blanketi. Ikipata joto inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Nikamuuliza kibandiko kinasema ngapi. Akasema 75. Nikamwambia basi, tumemaliza. Akasema Mama Valary, kichwa chako ni kigumu.

Jumatano, 11 Juni.

Nimepata! Mtungi wetu wa maji hukaa juu ya mchanga mbichi, na maji hayapati joto hata jua likiwaka vipi. Nimeondoa mtungi, nikaweka laptop. Mara ya tatu: dakika sita! Nilipiga kigelegele mpaka Valary akalia.

Mchanga umeingia kwenye vitufe. Herufi R haishuki tena. Naweza kuandika Zilpah, siwezi kuandika Maurice. Atanisamehe.

Alhamisi, 12 Juni.

Mchanga ni wa watoto. Mama amesafirisha mbuta kutoka Rusinga miaka mingi na hakuna aliyeoza. Siri yake barafu! Nimeomba bonge kwa wauza samaki, nililaze chini ya laptop.

Cephas amepiga kelele, eti maji yataingia. Mimi si mjinga. Nimeifunga laptop chini na pande zote kwa karatasi za nailoni, kila tundu nikaziba kwa selotepu. Akasema matundu hayo ndiyo pua zake. Wivu tu.

Ijumaa, 13 Juni.

Mara ya kwanza: mimi dakika nne, Zilpah tano kasoro! Kigelegele nilikipiga karibu na sikio lake. Akaniambia ngoja, nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga. Mara ya pili tukalingana. Mara ya tatu yake ikavuma vilevile, tano kasoro. Yangu ikafika katikati, ikazima. Kioo cheusi. Ndani ya nailoni jasho linatiririka. Na barafu ilikuwa ya samaki! Ofisi nzima ikanuka mbuta. Mwalimu Elijah akauliza ni nani anapika.

Zilpah alicheka mpaka akakaa chini. Nikamkumbatia Valary. Sikulia. Nililia kidogo.

Halafu Mwalimu akasoma karatasi zetu. Zilpah amepanga kichwa chini! Mtoto wa mwisho wa tarafa ndiye wa kwanza, mara zote tatu. Zangu mbili sawasawa. Mwalimu akakuna kidevu. Akasema basi, mashine ya Zilpah, mikono ya Mama Valary. Zilpah aliacha kucheka.

Jumatatu, 16 Juni.

Maurice amekubali. Nguo za Valary nimezitoa kwenye begi, moja moja, nikizinusa. Laptop inakauka juani kwa Cephas. Anasema pengine itaamka. Itaamka! Kama si mara ya pili na ya tatu, ningeshinda.

Sasa nimeketi kwa mashine ya Zilpah, Valary kwenye kanga miguuni pangu. Shida ni moja: feni. Inavuma kama posho mill ya kusaga mahindi, mtoto anashtuka kila akisinzia. Zilpah ameenda sokoni. Nimefungua mgongo wa mashine, nikasokota soksi ya Valary vizuri, nikaizuia feni. Kimya kitamu! Kwani feni inaongeza nini kwenye 75?

Mtoto amelala. Sanduku limeanza kupata joto zuri. Nimeweka uji wake juu.