Njiwa wa Shangazi na Kenchi za Ukumbi wa Mieleka

Jumamosi, 7 Aban

Mwezi wa Aban umeingia, na baridi ya Tabriz imeanza. Profesa Tavassoli ametupa kazi moja, mimi na Golnush: kenchi za chuma za kushikilia paa la ukumbi wa mieleka. Zibebe theluji, zisipinde, na ziwe nyepesi. Mwenye kenchi nyepesi zaidi anatetea tasnifu muhula huu. Golnush ni msichana, anaweza kungoja. Mimi nikingoja naitwa jeshini. Kunyolewa kipara!

Kompyuta zetu huiga wanyama: majibu mengi yanatawanyika kutafuta, mabaya yanayafuata mazuri. Shida ni kwamba kila mbinu mpya inataka mnyama wake, na wanyama wamekwisha. Sisimizi, nyuki, popo, nyangumi, wote wana wenyewe. Golnush kachukua fisi. Msichana mstaarabu vile!

Jumapili, 8 Aban

Shangazi Mahrokh anafuga njiwa darini. Leo kamwaga nafaka, wote wakakimbilia penye punje nyingi. Nikapiga ukelele. Nikamwambia njiwa hawa wataniokoa na jeshi. Akasema basi nianze kwa kuwafagilia kinyesi.

Nimefagia.

Jumatatu, 9 Aban

Kompyuta kubwa ni moja, na leo zamu yangu. Golnush akapita. Nikainuka kwa adabu, nikamwambia tafadhali, atangulie yeye. Kwetu mtu hukataa, unambembeleza, anakataa tena, mambo yanaisha. Yeye akasema ahsante, akakaa. Mpaka jioni!

Alipoondoka aliniuliza kama nimeweka kikomo cha chini cha unene wa vyuma, maana kompyuta haina aibu, itapunguza tu. Nikamshukuru sana. Wivu mtupu.

Jumanne, 10 Aban

Ushindi! Kenchi za Golnush, tani tisa. Zangu, hasi tani mbili. Chini ya sifuri! Nani amewahi kufika huko? Nimegawa biskuti za lozi maabara nzima. Golnush nimemwongezea, apoe.

Jumatano, 11 Aban

Profesa aliitazama hesabu yangu, akavua miwani. Akauliza kama ukumbi utafungwa kamba, usije ukaruka na wanamieleka. Watu wakacheka mpaka machozi. Njiwa wangu wamepunguza vyuma hadi unene ukashuka chini ya sifuri. Kisha akaniambia mikono yangu isiumie, ndiyo ahsante yetu kwa kazi. Anapokuwa mpole hivyo, mambo yameharibika.

Golnush anatetea. Ila kaniombea kwa profesa: nirudi Jumamosi na hesabu safi, nami nitatetea. Akanikumbusha ni mstari mmoja tu wa kuongeza, ule wa kikomo cha unene. Nimeumia sana. Msaada wa fisi!

Ijumaa, 13 Aban

Nimetulia, nimejichunguza bila kujionea huruma. Kosa nimeliona. Njiwa ni ndege. Ukiweka ndege kwenye paa, paa litataka kuruka, hilo hata mtoto anajua. Nimefuta jina la njiwa, nimeandika kobe. Mengine sikugusa, yalikuwa mazuri.

Nimeiendesha jioni hii. Hasi tani nne! Kobe huyu ana mbio.

Mama amenunua mashine ya kunyolea. Nimemwambia airudishe dukani kesho, nikishatoka kwa profesa.