Kechi ya Moja kwa Moja

Anatole aliposikia wanaume wa kambi ya wakimbizi ya Kashojwa wakinung'unika kwamba tangu wakimbie Kivu hawajaona kechi, mieleka ya kwao ya mabingwa wanaoingia ulingoni na vibuyu vya dawa, mate yalimjaa kinywani. Mwingine angewahurumia. Anatole alikodi ukumbi.

"Bandugu!" akatangaza sokoni. "Siku ya Mungu, kiisha kanisa, Semahoro na Rutayisire batapigana kule Mbarara, na siye tutabaona hapa hapa, saa ile ile! Antena iko tayari!"

Antena ilikuwa sinia la chuma lililofungwa juu ya paa kwa waya. Pambano lenyewe lilikwisha kupigwa Mbarara siku tatu nyuma, katika ghala tupu, likapigwa picha na Nabilah, bibi wa video za harusi. Anatole alitazama mpaka Rutayisire alipolazwa usingizi kwa dawa ya Semahoro, akajua yamekwisha, akawaachia wapiganaji ahadi ya chakula na kuwahi gari la kurudi Kashojwa. Diski Nabilah alimtumia baadaye. Hakuitazama, Kashojwa hakukuwa na umeme.

Umeme uliletwa Jumapili na Nasur, mfanyabiashara wa Mbarara, pamoja na jenereta na televisheni yake.

"Ssebo, bwana mkubwa, mimi nasema Rutayisire atashinda," Nasur akasema, akifuta jasho. "Kama naongopa, chukua jenereta. Kama nashinda, mimi nachukua ile pikipiki yako."

Pikipiki ndiyo ilikuwa maisha ya Anatole: shamba lake, duka lake, mke wake wa pili. Lakini mtu anayejua mwisho wa hadithi huogopa nini? Alimpa mkono mbele ya ukumbi mzima, akauma shavu asicheke.

Diski ikazunguka. Semahoro alicheza, akatikisa kibuyu, na Rutayisire akaanguka kama mgomba. Ukumbi ukalipuka. Anatole alikuwa ameshaanza kuipapasa jenereta.

Ndipo Semahoro, kama ilivyo desturi, alipoinama kumwamsha aliyemlaza, kwa maana asipoamshwa na mkono uleule hufa. Rutayisire akafumbua jicho moja, akampulizia majivu usoni. Semahoro akaanguka chali, akakoroma. Picha ikakatika.

"Hapana!" Anatole akaruka. "Haikuisha hivi!"

"Haikuisha hivi wapi, kaka?" Nasur akauliza kwa upole. "Si ni ya sasa hivi?"

Macho ya ukumbi yote yalimgeukia. Anatole akaketi tena. "Nilikuwa nasema... inaniuma."

Mama Marie, muuza mihogo, alikuwa amesimama mikono kichwani. "Semahoro iko analala bado! Nani atamuamusha? Antena imekufa, na yeye atakufa! Anatole, feza ya mulango iko wapi? Umupe huyu baba, akimbie Mbarara, amulipe Rutayisire amuamushe mutoto wa batu!"

"Mama, tungoje kwanza..."

"Tungoje nini? Maziko?"

Vijana wawili wenye mabega mapana wakasogea karibu. Anatole akatoa mfuko wa kiingilio, kisha ufunguo. Nasur alivipokea kwa huzuni kubwa, akaiacha jenereta kwa mlinzi aliyekuja naye na kuipanda pikipiki. Kabla ya kuondoka aliinama sikioni pa Anatole.

"Mke wangu Nabilah anakusalimia. Wale watu uliacha na njaa. Yeye alipika pilau, wakashiba, wakapigana tena kidogo."

Vumbi likamfunika mpaka njia ya Mbarara.

"Sasa tuombe," akasema Mama Marie. "Anatole, wewe mwenye muchezo, tuongoze."

Anatole akapiga magoti. Aliomba kwa sauti iliyokatika, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, akimsihi Mungu arudishe kilichochukuliwa, akilinde barabarani, kisianguke, kisikwaruzwe. Wanawake wakalia naye. Hata wale vijana wenye mabega mapana walikiri kwamba hawajapata kuona mtu anayempenda Semahoro namna ile.