Hotuba ya Kaimu Mkurugenzi Kuhusu Kurejea kwa "Wapangaji wa Mwezini"

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Televisheni yetu, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, aliyeteuliwa kumwakilisha Mwenyekiti, naye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mshauri wa Masuala ya Ushauri. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, na madawati. Ndugu viongozi wa Chama cha Wapenzi wa Wapangaji wa Mwezini, mrengo wa Wakongwe, mlioketi kulia. Ndugu viongozi wa chama hichohicho, mrengo wa Anza Upya, mlioketi kushoto kwa sababu hamtaki kuketi na wa kulia. Mafundi mitambo, mafundi taa, na fundi wa kipaza sauti hiki, ambaye namwomba akiongeze kidogo. Akina mama, akina baba, watoto mnaolia na watoto mnaojiandaa kulia: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtoto mmoja anaanza.)

Kabla sijafungua mdomo, naomba radhi kwa kuchelewa. Iliahidiwa kwamba taarifa hii ingewafikia wiki mbili baada ya kipindi kusimama, na wiki zenyewe, kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa Kurugenzi, zilirefuka. Natambua kwamba mtoto aliyezaliwa juma lile leo yuko darasa la sita na anafua sare zake mwenyewe. Lakini wahenga walisema subira huvuta heri, na mimi nawahakikishia kwamba Kurugenzi yangu ya Ufufuaji, Uendelezaji na Uenezi wa Vipindi Vilivyosimama, ambayo naikaimu kwa mwaka wa tisa mfululizo bila kuchoka, bila kuthibitishwa na bila kunung'unika sana, inavuta heri hiyo kwa mikono miwili. (Makofi kutoka meza kuu.)

Kwa faida ya wageni, na kwa faida ya Mheshimiwa Mshauri, ambaye hajawahi kukitazama, "Wapangaji wa Mwezini" ni kipindi cha vichekesho vya sayansi ya kubuni kilichorushwa kila Jumapili jioni kwa miaka ishirini na miwili, kikihusu nyumba moja ya kupanga iliyojengwa mwezini, yenye vyumba vinane, choo kimoja, roboti mpokea kodi, na ua usio na hewa, ambamo wapangaji walitukanana kwa mikono kwa kuwa nje sauti haisafiri, kisha wakarudi ndani kumalizia kwa mdomo. Kipindi hicho kilikatika pale ambapo mpangaji wa chumba cha tatu, Bi Kamba, alitoka uani kuanika nguo, mlango wa hewa ukajifunga nyuma yake, yakapita majina ya waigizaji, na Jumapili iliyofuata mkaonyeshwa semina ya uzalishaji wa mbegu. Mpaka leo hii, ndugu wadau, Bi Kamba yuko nje. (Vilio vya huzuni kutoka kulia na kushoto. Hili ndilo jambo pekee wanalokubaliana.)

Najua kuna mjadala. Najua umeingia majumbani, umeingia kwenye foleni za maji, na kwamba kuna ndoa moja, sitaitaja, inayolala vyumba viwili. Wakongwe wanasema kipindi kirudi na watu walewale, kuta zilezile, mlango ufunguliwe, Bi Kamba aingie ndani, maisha yaendelee. Anza Upya wanasema waje vijana, nyumba ihamie sayari nyingine, na roboti mpokea kodi ajifunze kulipwa kwa simu. (Kinyozi, mwenyekiti wa Wakongwe, anasimama: "Mama wa mtu habadilishwi kama betri! Bi Kamba ni mmoja!") (Fundi simu, msemaji wa Anza Upya, anasimama naye: "Kwani wewe unanyolea kipande cha chupa? Si ulinunua mashine? Mambo yanabadilika, mzee!") (Kinyozi: "Mashine nimebadilisha, kichwa ni kilekile! Njoo nikuonyeshe chako!") (Kicheko kirefu.)

Tulieni. Kurugenzi imefanya utafiti yakinifu, shirikishi na jumuishi, na matokeo yanaonyesha kwamba asilimia hamsini na saba ya wapenzi wanataka waigizaji wa zamani, na asilimia hamsini na saba wanataka wapya. Kwa hiyo Kurugenzi inawaunga mkono wote, kila upande kikamilifu, na inawashukuru kwa kuvuka asilimia mia. (Makofi ya mashaka.)

Niingie sasa kwenye mafanikio. Tumeunda Kamati ya Mlango, yenye wajumbe kumi na mmoja, kujadili iwapo mlango ule ufunguliwe kutoka ndani au kutoka nje, na kamati hiyo imetembelea viwanda vitatu vya milango na hoteli moja yenye milango mingi sana. Tumeandaa fremuweki, ndani ya fremuweki tukaandaa mpango mkakati, na ndani ya mpango mkakati kuna nafasi ya wazi ambayo tumeiacha kwa makusudi ili ubunifu upate pa kukaa. Tumeendesha warsha ya kujengeana uwezo kwa wale ambao watawajengea uwezo wale watakaojengewa. (Sauti kutoka nyuma: "Studio iko wapi?") Naja huko, ndugu yangu, usinisukume, ngazi za hotuba hii ni nyingi. (Sauti ileile: "Mwezi uko wapi?")

Vizuri. Mwezi. Mwezi, yaani Studio Namba Mbili, upo, haujahama. Tuliuhifadhi kwa kuugawanya. Viti mlivyokalia vimetoka mwezini, sehemu ya ukumbi wa wapangaji. Mbao za uani zimetumika kutenganisha ofisi yangu na ofisi ya katibu muhtasi wangu, kwa hiyo naweza kusema bila majigambo kwamba nafanya kazi mwezini kila siku. Roboti mpokea kodi anashikilia mlango wa stoo usijifunge. (Mzee mmoja wa Wakongwe anainuka, anakitazama kiti chake, anaketi tena polepole.)

Lakini fahari ya Kurugenzi, ndugu zangu, haiko kwenye mbao. Iko kwenye rasilimali watu. Na leo tunayo heshima kubwa, kubwa mno, ya kuwa na Bi Kamba mwenyewe, mwigizaji aliyeichukua nafasi ile akiwa msichana, ambaye mtaani kwao hakuna tena anayekumbuka jina lake jingine. Mama, simama wakuone. (Bi Kamba anasimama, safu ya pili, akiwa amempakata mjukuu. Ukumbi mzima unasimama. Vigelegele. Kinyozi anafuta macho kwa taulo la kazini.) Kurugenzi ilimwandikia kumtaka akae katika hali ya utayari: asichukue kazi nyingine, asionekane kwenye tangazo lolote, asinenepe, asikonde, asikate nywele. Na amekaa! Ametii kwa asilimia mia moja! Mpigieni makofi!

(Makofi. Yanapokwisha, binti yake Bi Kamba, mama mdogo wa mtoto yule, amebaki amesimama.)

Naona binti yetu ana salamu. Karibu, dada, kwa ufupi.

("Mheshimiwa, sina maneno mengi, mtoto huyu akizidisha kulia hatutasikilizana. Mama amekaa tayari kama mlivyomtaka. Tangazo la sabuni amekataa. Kikundi cha maigizo cha vijana kilimwita awafundishe, amekataa. Sasa shule ya bweni ya huku juu wamempa kazi ya kuwalea wasichana bwenini, na mwalimu mkuu anataka jibu leo kabla hawajafunga ofisi. Kesho kazi ni ya mtu mwingine. Nauliza kitu kimoja: aendelee kuwasubiri, au aende?")

Swali zuri sana. Swali zuri kiasi kwamba kulijibu haraka ni kuliharibu. Ni swali mtambuka, linalogusa sera, linalogusa mnyororo mzima wa thamani, na nitalipeleka kwenye kamati ndogo ambayo itaundwa mara tu kamati kubwa itakaporejea. ("Nimeomba ndiyo au hapana, Mheshimiwa.") Binti yangu, ndiyo na hapana ni majibu ya watu wasio na mchakato. ("Mimi nina watoto wawili. Nikiulizwa kama kuna uji, nasema upo au haupo. Siwapeleki kwenye kamati.") (Kicheko. Fundi simu: "Mjibu dada wa watu!" Kinyozi: "Kwa hili niko kushoto! Mjibu!")

Ndugu zangu, tusiuendeshe mradi wa kitaifa kwa mihemko ya uji. Nasema hivi: kipindi kinarudi. Kinarudi kwa kasi. Kiko katika hatua ya kabla ya hatua ya kwanza, hatua ambayo wataalamu wote wanakubali kwamba ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ukishaivuka hakuna pa kurudi.

(Bi Kamba anamkabidhi binti yake mtoto, anamgeukia Kaimu Mkurugenzi. "Mwanangu, hebu punguza kasi kidogo.")

Shikamoo, mama.

("Marahaba. Mimi sitaki kukuaibisha mbele za watu, una mama yako nyumbani. Nionyeshe mstari mmoja tu nitakaousema. Mmoja. Hata kama ni 'karibuni ndani.' Nikiuona, nitakaa, na bweni watatafuta mtu mwingine.")

Mama, mstari uko njiani.

("Nani anauandika?")

Mwandishi bado hajateuliwa. Tuko katika kuandaa sifa za mtu atakayeandaa sifa za mwandishi. (Minong'ono.) Lakini mama, elewa na upande wangu. Mimi kila mwaka natakiwa kupeleka viashiria vya utendaji. Hadithi: sifuri. Waigizaji: sifuri. Vifaa: sifuri, na mwaka juzi nilipata hasi moja kwa sababu taa iliibwa. Halafu nafika kwenye utayari wa rasilimali watu, na hapo naandika mia. Asilimia mia, mama! Bodi wakiiona hiyo wanatikisa vichwa kwa kuridhika, wananiongezea mwaka mwingine wa kukaimu. Mia hiyo ni wewe. Ukienda bwenini, mimi mwaka huu naandika nini?

(Meza kuu wanatazama maji yao.)

("Andika kwamba nimekwenda kazini.")

Mama, tafakari. Heshima ya sanaa, mapenzi ya wananchi hawa...

("Hawa wananipenda tangu nikiwa na kiuno. Nikiwa bwenini watanipenda vilevile, na wenye mabinti pale watanipenda zaidi. Na wewe mwanangu, kukaimu miaka tisa? Tafuta kazi na wewe.") (Kicheko kinaanza kulia, kinaishia kushoto.) ("Siyo kicheko, nasema kweli. Una sauti nzuri. Kuna watu wanahitaji mtu wa kutangaza majina hospitalini. Usikae hapa ukazeeka kama mimi.") (Anampangusa mjukuu pua. Binti anaokota mkoba. Wanapita katikati ya safu, na watu wanasogeza magoti. Wakongwe wanasimama. Anza Upya wanasimama. Kinyozi anamwambia fundi simu, "Mshike mama mkono hapo kwenye ngazi, mbona umezubaa?" na fundi simu anamshika.)

Naam. Naona wadau wa kulia na wa kushoto wamesimama kwa pamoja, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya chama hiki. Katibu, liingize kwenye mafanikio.

Kwa wale mliobaki, na naomba wale wa mlangoni wasiendelee kutoka kwa wingi kiasi hicho, tumalizie kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Wapangaji," mnajibu "Warudi." Wapangaji! (Watu wanne: "Warudi.") Mwezi! (Mheshimiwa Mshauri, peke yake: "Warudi.") Hapana, Mheshimiwa, hapo ni "Wetu." Tusonge. Ubunifu! (Viti vinaburutwa.) Ubunifu oyee! (Fundi wa kipaza sauti, kwa huruma: "Oyee.")

Mwisho kabisa, na nasema hili kwa unyenyekevu mkubwa, nawashukuru ninyi wapenzi wa kipindi, wa mirengo yote, kwa sababu bila ninyi tusingefika hapa. Ukweli una tabia ya kutaka kusemwa, na leo nautendea haki: habari kwamba kipindi kinarudi, sisi Kurugenzi tulizisikia kutoka kwenu. Tuliwaona mkigombana, tukawasikia mkigombana, tukaambiana kwamba watu wazima hawawezi kugombana namna hii juu ya kitu ambacho hakipo, lazima wanajua jambo. Tukafungua jalada, tukaandika barua moja, ile ya kumtaka mama akae tayari, na tangu siku hiyo tumekuwa tukisubiri, kwa imani na matumaini, ninyi mtuambie kinarudi lini. Tulidhani mnajua. (Sauti kutoka mlangoni: "Na sisi tulidhani ninyi ndio mnajua!") Hapo ndipo penye nguvu ya ushirikiano, ndugu yangu.

Kwa hiyo, ili mradi uanze, mkifika majumbani naomba mtutafutie na mtuletee vitu vifuatavyo, vichache tu: kamera moja, hata iwe ya kushikwa mkononi, taa nne, na mtu wa kuzilinda, rangi ya kijivu ya kupaka mwezi, mwandishi mmoja, awe na hadithi yake tayari, waigizaji wa vyumba saba, wazee au vijana, tutawapokea wote bila ubaguzi, na mama mmoja wa makamo, mcheshi, mwenye afya njema, asiye na kazi. Tuliyekuwa naye amepata.

Asanteni kwa kunisikiliza.

(Fundi wa kipaza sauti anapiga makofi mara mbili, anachomoa waya.)