Malalamiko Kuhusu Mji Wenu Kukosa Kasoro

Joubert Park,
Johannesburg.

Mheshimiwa Meya,

YAH: SIKU MOJA NILIYOTEMBEZWA MJINI KWAKO, NA MADHARA YAKE

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, naisubiri yako.

Mimi ni Kidawa binti Bakiri, mzaliwa wa Tanga, muuza kanga na mitandio kandokando ya barabara hapa Marshalltown. Mwanangu wa pekee, Nusaiba, ni mhandisi wa maji. Nilimsomesha chuo cha Doornfontein kwa mitandio hiyohiyo. Alikuja kwenu Ujerumani kwa mafunzo ya muda tu, na sasa idara yako ya maji imempa kazi ya kudumu. Ameniambia hatatia saini mpaka apate neno langu. Akanialika niuone mji kwanza, akanitembeza Jumapili moja kutwa nzima, na tangu nirudi sijampa neno wala nusu neno. Sababu nakuletea wewe.

Jina la mji wako sitaliandika, uniwie radhi. Kila nikijaribu, herufi nyingine zinabaki nje. Jocelyne, Mkongomani anayeuza vitenge kando yangu, alinishauri nikuandikie Kifaransa ili unichukulie kwa uzito. Nimekataa. Mwizi wa mtoto atalalamikiwa kwa lugha ya mama mwenye mtoto.

1. Maduka. Yote yalikuwa yamefungwa, na bidhaa zimeachwa dirishani zinatuangalia. Hakuna nondo, hakuna geti la chuma, hakuna hata mlinzi wa kusinzia. Mimi ni mtu wa biashara. Nilisimama mbele ya duka la viatu nikatetemeka kwa niaba ya mwenyewe. Nusaiba akanivuta mkono akasema twende, mama, vitakuwepo kesho. Kumwonyesha mgeni viatu vile siku ambayo haviuzwi ni ukatili, na naomba uandikwe hivyo.

2. Robot zenu, ambazo Tanga tunaziita taa za barabarani. Ilikuwa nyekundu, barabara nyeupe, hakuna gari wala baiskeli, na watu wazima na akili zao wamesimama kimya wanaitii taa. Huku Johannesburg, kwa kuogopa vibaka, mimi sizubai kwenye robot nikiwa na mkoba, nizubae kwenu kwa lipi? Nikavuka. Ajuza mmoja akanisema mpaka nikafika ng'ambo, kidole juu. Nusaiba akanieleza kuwa nimewapa watoto mfano mbaya. Eish, Mheshimiwa, niliangaza huku na huku na mtoto hata mmoja sikumwona.

3. Kwenye makumbusho yenu nilikuta mbuzi ya kukunia nazi. Imo ndani ya kioo, imemulikwa taa, na kamba imezungushwa watu wasiisogelee. Ninayo kama hiyo chini ya kitanda. Nilicheka nikashindwa kujizuia, Nusaiba naye akaanza, mlinzi akaja akatutoa nje kwa adabu kubwa, tukamalizia kucheka kwenye ngazi. Mwanangu sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu baba yake afariki. Nimehangaika miaka kukitafuta kicheko hicho, na sipendi mji wa watu ukipate kwa mbuzi ya nazi.

4. Hili ndilo lililofungua matembezi, lakini nimelichelewesha makusudi kwa sababu ndilo zito. Huku kwetu ukiegesha gari hutokea mtu aliyevaa kizibao cha reflekta cha njano. Unamsalimu, unamkabidhi gari alitazame, na ukitoka unampa chochote. Ndiyo desturi, na mimi si mchoyo. Basi tulipofika katikati ya mji na gari la kuazima, Nusaiba akaenda kwenye mashine ya tiketi, nami nikamwona baba wa makamo mwenye reflekta hiyohiyo amesimama kando ya mfuniko wa bomba uliofunuliwa. Nikamtia sarafu kiganjani. Nikamwonyesha gari, kisha macho yangu, kisha gari tena. Akainamisha kichwa kuwa ameelewa.

Nusaiba aliporudi alitamani ardhi immeze. Yule ndiye mkuu wa idara ya maji, ambaye mkataba wa mwanangu uko mezani kwake, katoka mwenyewe Jumapili kukagua valvu. Mimi moyoni nikasema alhamdulillah, sasa atakasirika, kazi itafutwa, mtoto atarudi nyumbani. Tuliporudi alasiri tukamkuta bado yupo. Valvu alishaimaliza, ameketi kwenye ukuta mfupi anakula mkate, macho kwenye gari. Akainuka, akalizunguka akinionyesha tairi moja moja, akanipa mkono. Wakubwa wa huku niliko hawashuki hata kwenye magari yao. Sasa mtu kama yule, Mheshimiwa, unamchukiaje?

5. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimempelekea bibi wa mlango wa pili, jirani yake Nusaiba, sahani ya kaimati. Jioni tukaikuta mlangoni, imeoshwa, inang'aa, tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata chumvi kidogo utaweka. Hapo nilifurahi kwelikweli, nikajua nimewapata. Nusaiba akaniuliza kwa upole yule bibi angejuaje, na kama kuna aliyemweleza. Nilimwambia nimechoka, nataka kulala.

Kwa hayo yote, naomba uchague. Uharibu mji kidogo: umeme muukate walau Alhamisi, mchimbe mashimo mawili matatu mtaa anaokaa Nusaiba, na mtafute vijana wa kupiga honi, ili mtoto apakumbuke nyumbani. Hilo likikushinda, nirudishie mhandisi wangu. Maji ya jengo letu yanapanda mpaka ghorofa ya tatu yanachoka, na mimi nakaa ya saba. Ni akili gani kumtoa fundi wa maji penye kiu ukampeleka penye mto? Na hilo nalo likikushinda, basi ng'oeni mji mzima mje nao huku. Ukishaipita Vereeniging, kusini mwetu hapa, nafasi ipo tele, na majirani wa kuwafundisha habari za sahani hawatakosekana.

Nisalimie madiwani wako, mwenzio wa nyumbani, ajuza wa kwenye robot na mlinzi wa makumbusho. Bibi wa mlango wa pili mpe salamu kavukavu.

Ni mimi, niliyekasirika kwa heshima zote,

Kidawa binti Bakiri

Nyongeza: Nusaiba, najua unayesoma ni wewe, maana mji mzima huo hakuna mwingine wa kumsomea Meya Kiswahili. Hapa acha kumtafsiria. Siku ile tulipotoka makumbusho ulitangulia mbele yangu, simu mkononi, mkoba umeutupia begani, unajiendea polepole. Nilikutazama mpaka mwisho wa mtaa. Hukugeuka nyuma hata mara moja. Umezaliwa na kukulia Joubert Park, mwanangu, na mimi mama yako sijawahi kukuona ukitembea hivyo. Ningekwambia kwa simu, ila ningelia, nawe ungepanda ndege urudi. Tia saini.