Ofisi ya Siri ya Kuacha Pombe

Wananchi wote wa Bariadi mnatangaziwa kuwa huduma ya kuwasaidia wanaotaka kuacha pombe imeanza rasmi. Kwa kulinda faragha ya walevi, hakuna atakayeambiwa ofisi ilipo.

Mimi ni mjumbe wa kamati. Mwongozo ulidai kamati iwe na bibi mmoja, nami nauza uji mlangoni pa ukumbi, basi wakanichukua. Mwenyekiti wetu, Bwana Constantine, alituapisha. Kibao kikachorwa vizuri, kikafungiwa kabatini.

Wa kwanza kuitafuta alikuwa Mihayo, mtoto wa mdogo wangu. Mkewe, Nyamizi, alikuwa amerudi kwao Shishiyu na watoto. Alisema atarudi mume akimaliza mwezi bila gongo. Akionja hata tone, basi tena.

"Mayu, mama yangu, ofisi iko wapi?"

"Nimeapa, mwanangu. Kunywa uji."

Kesho yake alirudi, miguu vumbi tupu. Akafuata Mboje, fundi baiskeli, naye anaitafuta. Kisha Mama Scola, aliyekuwa akipika gongo na kuionja mpaka inaisha. Mchana walizunguka mji. Jioni walikaa kwenye benchi langu kupeana taarifa za mahali ambapo ofisi haipo.

Siku ya kumi na tisa Mihayo alisimama ghafla, midomo imemkauka, macho yameelekea kilabuni. Mboje akamshika mkono.

"Twende nyuma ya soko. Huko hatujatafuta."

Walishatafuta mara tisa. Wakaenda.

Kamati ilijipongeza: siri haijavuja, waliohudumiwa sifuri.

Mwezi ulipotimia Nyamizi alishuka kwenye basi na watoto na jogoo. Akamnusa mumewe mdomo, shingo, mpaka mfuko wa shati.

"Haya. Beba jogoo."

Jioni hiyohiyo Bwana Constantine akaniita pembeni, koti limekaa upande.

"Bibi, kuna mtu, siyo mimi, anataka msaada. Aende wapi?"

"Si ofisini, mwenyekiti?"

"Ofisini nipo mimi."

Nikamwonyesha benchi walipokaa Mihayo, Nyamizi na wenzao. Akasimama mbele yao, akaanza kujitambulisha, vyeo vikawa vingi.

"Punguza, mzee," Mboje akasema. "Hujanywa tangu lini?"

Akatazama saa yake. "Tangu saa nne asubuhi."

Wakamsogezea nafasi. Nyamizi akainama, akavuta pumzi mara moja.

"Saa tisa mchana," akasema.

Mwenyekiti akayapokea marekebisho.